Kompyuta ndogo ya mezani nyumbani: bado ina kazi, au zama zake zimepita?

#1 Mezani_Tu
Wakuu, salaam. Zile kompyuta ndogo za mtumba zinazolingana na kamusi iliyolazwa, Lenovo Tiny, Dell Micro, HP Mini, Kampala zipo za kutosha, na bei yake iko chini ya laptopu yenye prosesa ya umri uleule. Lakini ukiingia majumbani unakuta simu na laptopu tu. Je, kitu hiki kina nafasi kwa familia yenye mtoto wa S5 (sekondari ya juu) anayesoma Sub-ICT, lile somo dogo la kompyuta, au kimebaki cha ofisi na kaunta za mobile money?

Mimi nasema kina nafasi. Tiny M710q yenye prosesa ya i5-6500T ikiwa imetulia inakula wati 12 hivi, skrini ya inchi 22 wati 20. Saa 6 kwa siku, siku 30, uniti 57. Anayepinga apinge kwa namba.

Halafu kuna kitendawili. Mashine hiyohiyo inazima ghafla kati ya saa moja na saa nne usiku. Mchana haizimi kabisa. Iko kwenye UPS (betri ya akiba) ya 650VA. Skrini iko kwenye extension ya ukutani, yenyewe haizimi, inabaki kuandika kwamba hakuna mawimbi. Nani ana jibu?

#2 Soketi775
Kwanza rudisha nukta mahali pake. Wati 32 mara saa 6 ni 192. Mara siku 30 ni wati-saa 5,760, na uniti moja ni wati-saa 1,000, yaani uniti 5.76, si 57. Tukichukua shilingi 750 kwa uniti kurahisisha hesabu, ni 4,320 kwa mwezi.

Tawa (kompyuta ya boksi kubwa) la prosesa ya zamani ya Core 2 Duo na skrini ya chogo ni wati 140 hivi: uniti 25.2, shilingi 18,900. Laptopu ya wati 15: uniti 2.7, shilingi 2,025. Kwa hiyo laptopu inashinda kwa umeme, ila tofauti na Tiny ni bei ya rolex (chapati ya mayai) moja kwa mwezi. Kama hoja ya mtu ni Yaka (umeme wa kulipia kabla), hoja hiyo imekufa.

#3 BintiJinja
Soketi775 umehesabu uniti ukasahau kukatika. Laptopu imezaliwa na UPS yake tumboni. Tiny lazima uinunulie. UPS ya 650VA ina betri moja ya 12V 7Ah, yaani wati-saa 84 kwenye karatasi. Toa hasara ya kugeuza umeme, mpe mashine na skrini wati 35 hadi 40, unabaki na saa moja hivi betri ikiwa mpya. Baada ya miaka miwili mitatu betri hiyo ni uzito wa kuzuia mlango. Ongeza gharama hiyo kwenye bei ya kununulia ndipo ulinganishe.

Na hiyo 750 ni ya uniti za kawaida. Uniti 15 za mwanzo wa mwezi kampuni ya Umeme wanaziuza kwa bei nafuu, kwa hiyo nyumba yenye matumizi madogo hailipi hivyo.

#4 fundi_wa_Busia
Nyabo, Umeme walimaliza mkataba wao tarehe 31 Machi 2025. Sasa ni UEDCL, shirika la serikali. Mita ni zilezile na uniti 15 umesema kweli.

Lakini kuhusu laptopu mnahesabu umeme tu, hamhesabu bawaba. Laptopu ya mtumba inafia kwenye sehemu nne: bawaba ya skrini, betri, tundu la chaja, kibodi. Chai ikimwagika kwenye laptopu imekwenda hadi kwenye bodi. Ikimwagika mezani umepoteza kibodi ya USB, na hiyo unanunua nyingine siku hiyohiyo.

Tiny inafunguka kwa skrubu moja ya nyuma, unasukuma kifuniko mbele, basi. Ndani kuna nafasi mbili za RAM, zile fupi za laptopu za DDR4, tundu la M.2 la SSD ya NVMe, na kitanda cha diski ya inchi 2.5. Anayejua kufungua rimoti ya TV ataongeza RAM.

Kabla hujatoa pesa, washa na uingie BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine): bonyeza F1 kwa Lenovo, F2 kwa Dell, F10 kwa HP. Ikikuomba paswadi, irudishe mezani. Za Lenovo na Dell zinafutika kwa jampa (kiunganishi kidogo cha pini) iliyo kwenye bodi, lakini kwa nini uanze ndoa na ugomvi? Halafu omba Windows isakinishwe upya ukiona kwa macho, ikiwa imeunganishwa na intaneti ya simu yako. Ikifika mahali ikakukaribisha kwa jina la kampuni usiyoijua na kudai baruapepe ya kazi, mashine bado imesajiliwa na mwenye nayo wa kwanza kwenye Autopilot, mfumo wa Microsoft wa kusajili mashine za kampuni. Kufuta diski hakusaidii, usajili uko kwenye seva. CrystalDiskInfo, programu ya kukagua diski, nayo ikuoneshe saa ambazo diski imewaka. Elfu 20 si ajabu kwa diski ya ofisi, lakini usiiuziwe kama mpya.

#5 Soketi775
Ongezea: asome namba ya prosesa. i5-6500T na i5-7500T haziko kwenye orodha ya Windows 11, na Windows 10 ilikoma kupewa masasisho ya bure ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Ukitaka Windows 11 bila ujanja, anza na kizazi cha 8: M720q, OptiPlex 3060 Micro, EliteDesk 800 G4 Mini. i5-8500T ina kori 6, 6500T ina 4. Muuzaji akikwambia "i5 ni i5", mwambie na mkate ni mkate.

#6 Mezani_Tu
Asante fundi. Yangu inaendesha Windows 10, najua, najua. Lakini hakuna aliyegusa kitendawili.

#7 NyotaYaArua
Hicho cha kuzima jioni ni volti. Jioni mtaa mzima unapika, unapiga pasi na kuwasha TV. Volti inashuka kutoka 240 hadi 170 au 160. UPS ya bei nafuu ina kiwango chake cha kupokea, kimeandikwa nyuma au kwenye kijitabu. Ikishuka chini ya hapo inahamia kwenye betri. Skrini yako iko ukutani na inavumilia. Mashine inakula betri mpaka betri inaisha. Unaona imezima "ghafla" kwa sababu umezoea mlio wa UPS na huusikii tena.

Tatizo lako ni hiyo UPS. Adapta ya Lenovo imeandikwa 100–240V, haiogopi 160.

#8 BintiJinja
Kwa hiyo UPS iliyonunuliwa kuilinda ndiyo inayoizima. Banange.

#9 Mezani_Tu
Betri ya UPS ina miezi mitatu tu. Na mlio ungesikika, chumba ni kimoja.

#10 NyotaYaArua
Miezi mitatu si hoja kama kila jioni inakaushwa hadi sifuri. Betri za risasi za aina hiyo hazipendi kukaushwa, wala kulala tupu. Na chaja ya ndani ya UPS ndogo inachukua saa 6 hadi 8 kuijaza. Umeme ukiwa dhaifu kuanzia saa moja hadi nne, kisha ukakatika tena usiku, betri inaanza siku ikiwa nusu. Pima: chomoa UPS ukutani mchana, acha mashine ikiwaka, hesabu dakika. Ikikupa chini ya 20, nimemaliza.

#11 fundi_wa_Busia
Usimalize bado. Adapta. Soma kilichoandikwa. Lenovo Tiny inataka 20V, 65W, kichwa cha mstatili, na kipini cha katikati kina rezista inayoiambia mashine ni wati ngapi. Za bandia zinaandika 65W, ndani zimewekwa vipuri vya 45W. Mchana mtoto anaandika Word, wati 15. Jioni anafungua video, dirisha 20 za kivinjari, diski ya nje ya USB, prosesa inaruka juu kwa sekunde chache, adapta inajikinga, inakata. Ndiyo maana inazima kama imepigwa kofi.

Kwa Dell ni tofauti kidogo. Kipini cha katikati kinasoma chipu iliyo ndani ya adapta. Chipu ikikosekana mashine inawaka ila inaibana prosesa, na watu wanadhani wamepata virusi.

#12 Soketi775
Fundi, T mwishoni mwa 6500T ni wati 35. Hata ikiruka, pamoja na diski haifiki 65.

#13 fundi_wa_Busia
Haifiki 65 ya kweli. Nimesema 45 iliyovaa shati la 65.

#14 mpigachapa
Niulize kitu kidogo. Mashine iko wapi? Kama iko ndani ya kabati la TV, tumeshapata jibu. Jioni TV inawashwa, dekoda inawashwa, ruta ipo, vyote vinapumua ndani ya sanduku moja la mbao. Tiny inavuta hewa kwa mbele na kuitoa nyuma. Ukiipa ukuta nyuma yake, inavuta joto lake yenyewe.

#15 Mezani_Tu
...Iko ndani ya kabati la TV.

#16 mpigachapa
😂 Kesi imefungwa.

#17 Soketi775
Haijafungwa. Prosesa ya Intel ikipata joto inapunguza kasi kwanza. Inakuwa nzito, feni inalia, video inakwamakwama. Kuzima kabisa ni hatua ya mwisho, joto likishapita nyuzi 100. Mezani_Tu, inakuwa nzito kabla ya kuzima?

#18 Mezani_Tu
Hapana. Inakwenda vizuri, kisha giza.

#19 fundi_wa_Busia
Mlango wa ushahidi ni huu: bonyeza Windows + R, andika eventvwr, ingia Windows Logs, kisha System, tafuta Kernel-Power namba 41. Fungua maelezo, soma BugcheckCode. Ikiwa si 0, Windows yenyewe ilianguka: RAM, dereva au diski. Ikiwa 0, Windows haikujua kilichotokea, mara nyingi ni umeme kupotea.

#20 Mezani_Tu
Zipo 41 kumi na moja, BugcheckCode 0 zote. Za jioni zote.

#21 NyotaYaArua
Umeme. Nilisema.

#22 mpigachapa
Kuzimwa na kinga ya joto ya bodi pia kunaacha 41 yenye 0. Windows haipewi nafasi ya kuaga.

#23 BintiJinja
Na mende je? Msicheke. Tiny ikiwa imezimwa kwenye kabati la joto ni hoteli ya mende, na mjusi anafuata mende. Akipita juu ya migongo ya soketi za ndani, hasa kwenye adapta iliyopasuka ganda, mambo ni hayo. Wanatoka jioni pia, kama mnatafuta kinachobadilika jioni.

#24 Soketi775
Mende sasa amekuwa mtaalamu wa ratiba.

#25 fundi_wa_Busia
Dada Jinja hajakosea. Fungua kifuniko kabla ya kubisha. Wakati uko ndani, fanya usafi. Barabara ikiwa ya murramu, yale mapezi ya shaba na aluminiamu chini ya feni yanaziba kama pamba. Shika feni kwa kijiti isizunguke, ndipo upulize, kwa sababu feni ikizungushwa kwa nguvu ya hewa inaumiza beringi na inaweza kurudisha umeme kwenye bodi. Pesti ya prosesa kwenye mashine ya 2017 imeshakuwa chaki. Fungua skrubu za kipozeo kwa zamu, kwa mshazari, usimalize upande mmoja kwanza. Futa kwa spiriti na karatasi isiyoacha nyuzi, weka pesti mpya ya ukubwa wa punje ya mchele katikati. Si kupaka siagi.

#26 Mwalimu_wa_Zamu
Niwarudishe kwenye swali la kwanza maana uzi umekuwa gereji. Mtoto wa Sub-ICT anahitaji kibodi kamili, lahajedwali, na skrini anayoweza kuona safu 15 bila kusogeza. Simu haitoshi. Hapo kompyuta ya mezani ina faida ambayo haijatajwa: haihami. Laptopu ya familia saa 12 jioni iko kwenye begi la baba, na baba yuko kwenye foleni Jinja Road.

#27 kijana_wa_DeX
Simu inatosha. Samsung walileta DeX, inayogeuza simu kuwa kama kompyuta ukiiunganisha na skrini, mwaka 2017 na S8. Hub (kigawanyio cha matundu) ya USB-C, HDMI, kibodi, mausi, unapata dirisha nyingi. Kwa nini ununue boksi la pili?

#28 Mwalimu_wa_Zamu
Kwa sababu DeX haiko kwenye simu nyingi za bei nafuu, ndiyo sababu. Tena hub isiyopitisha chaji inamaliza betri katikati ya zoezi. Na mama akipigiwa simu, darasa limeisha.

#29 NyotaYaArua
Huku kwetu wengi wako kwenye sola, na hapo ndipo hizi ndogo zinang'ara. Watu wanaunganisha betri ya 12V kwenye inveta, inveta kwenye adapta, adapta kwenye mashine. Inveta ya bei nafuu yenyewe, bila kubeba chochote, inakula wati 8 hadi 15. Yaani inakula sawa na kompyuta.

Ruka inveta. Kwa Tiny tumia kibadilishi cha DC cha kupandisha 12V hadi 20V, cha kubeba wati 90 ili kisichemke. Ikiwa mashine inataka 65W, upande wa betri utapita ampea 6 hivi ukihesabu hasara. Weka fyuzi ya 10A karibu na betri, si karibu na mashine, na waya wa milimita 2.5 za mraba kama umbali hauzidi mita mbili. Kata kichwa cha adapta ya Lenovo ya zamani na ukitumie pamoja na waya wake, ili ile rezista ya kipini iliyotajwa #11 ibaki. Pima chanya na hasi kwa mita kabla ya kuchomeka. Ukikosea hapo hakuna jampa ya kukuokoa.

#30 BintiJinja
Na zile kompyuta ndogo za prosesa ya Intel N100 zinazotumia adapta ya 12V? Si unachomeka moja kwa moja kwenye betri?

#31 NyotaYaArua
Hapana! Betri ya risasi ya "12V" ikichajiwa na paneli inafika 14.4V. Nyingine zinavumilia, nyingine zinakufa, na kwenye ganda imeandikwa 12V tu. Weka kibadilishi kinachopandisha na kushusha, kinachotoa 12V thabiti, ampea 5. N100 yenyewe ni ya wati 6 kwa jina, kori 4, mashine nzima ikitulia iko chini ya 10. Kasoro yake: njia moja tu ya RAM, na mara nyingi tundu moja. Nunua RAM ya kutosha mara moja, na siku hizi RAM si bei ya jana.

#32 Soketi775
Na Raspberry Pi 5, ile kompyuta ya bodi moja ndogo, kabla hajatokea mtu wake: inataka 5V kwa ampea 5. Ukiipa chaja ya ampea 3 inawaka, lakini inabana matundu ya USB yote kwa pamoja yasizidi miliampea 600, diski ya nje inaanza kupotea na kurudi. Na umeme ukikatika wakati inaandika kwenye kadi ya microSD, ni bahati nasibu. Nyumbani kwenye kukatikakatika, iwashe kutoka kwenye SSD.

#33 mpigachapa
Kwa kazi za usanifu, mnaojaribu kufanya Nasser Road (mtaa wa wachapaji Kampala) ya nyumbani, Tiny ni skrini mbili bila kelele. Mipaka yake: haina kadi ya picha. M720q ina nafasi ya kadi fupi kwa kipande cha nyongeza, M710q haina. Na jihadharini na kebo. Matundu yake mengi ni DisplayPort. Kebo ya DisplayPort kwenda HDMI inapita upande mmoja tu: DisplayPort kwenye mashine, HDMI kwenye skrini. Ukiigeuza haitoi kitu, na fundi mbaya atakuuzia bodi.

#34 Mezani_Tu
Mrejesho. Nimefanya hivi: UPS nimeichomoa mchana, imekaa dakika 34. Nikaiondoa, mashine nikaichomeka ukutani. Nikaitoa kwenye kabati, nikafungua na kupuliza vumbi. Mende hakuna, samahani dada. Adapta imeandikwa 65W, ni nyepesi kuliko ya laptopu ya ofisini yenye wati hizohizo. Jioni nne, imezima mara moja tu, saa mbili usiku, pasi ikiwa kwenye extension ileile.

#35 NyotaYaArua
Dakika 34 kwa mashine peke yake bila skrini ni chache. Ilitakiwa ipite saa moja kwa urahisi. UPS. Na hiyo moja ni pasi imeshusha volti.

#36 fundi_wa_Busia
Adapta nyepesi. Pasi ikishusha volti, adapta ya kweli inastahimili sekunde hiyo kwa sababu kapasita yake ya kuingilia ni kubwa. Ya bandia imewekwa ndogo ili ipungue bei, na uzito ndio umekwambia. Jaribu ya kwako ya ofisini kama kichwa kinafanana.

#37 mpigachapa
Na kutoka kabatini kumepunguza kumi na moja hadi moja. Hamuoni?

#38 Soketi775
Ndugu, umebadilisha vitu vitatu kwa mara moja: UPS, kabati, vumbi. Kila mmoja humu sasa anadai ushindi kwa ushahidi uleule. Rudisha UPS, acha mashine nje ya kabati, jioni nne nyingine. Na pasi ihamishie soketi nyingine, extension hizo ni za ampea 13 kwa jumla, si kwa kila tundu.

#39 BintiJinja
Huku akijaribu, angalie pia soketi yake kama ina athi (waya wa ardhini). Akigusa ganda la Tiny na vidole vikatekenywa, haina. Hiyo ni kapasita ya adapta kutafuta ardhi na kuikosa. Haitakuua, lakini inasumbua tundu la HDMI ukichomeka TV huku vyote vinawaka. Zima vyote kwanza, chomeka HDMI, ndipo uwashe. Na radi ikianza, chomoa pia kebo ya ruta. Watu wanachomoa umeme tu, radi inapita kwenye kebo ya mtandao.

#40 Mezani_Tu
Inatekenya, ndiyo. Nilidhani ni kawaida ya Lenovo.

#41 fundi_wa_Busia
Ssebo! Hilo ndilo ungeanza nalo #1. Piga picha ya soketi na adapta, pande zote mbili, maandishi yasomeke. Na kwenye BIOS, tafuta After Power Loss, weka Power Off kwa sasa, isije ikajiwasha umeme unaporuka-ruka ukashindwa kuhesabu.

#42 kijana_wa_DeX
Simu yangu haitekenyi.